Vipimo vya Ndani ya Gari

Vijana, mkinikuta Mkomaindo nimekaa kibarazani na redio yangu, mnanisalimia vizuri, shikamoo Baba Somoe, halafu swali huwa ni lile lile: eti ni kweli zamani mlijenga barabara bila kompyuta? Ni kweli. Tulijenga, na tulikosea vilevile. Tofauti ni kwamba makosa ya zamani tuliyafukia kwa kifusi tukaenda kula, na ya siku hizi yanabaki yameandikwa. Nitawaeleza langu mimi mwenyewe, ila mnivumilie. Mke wangu anasema mimi nikisimulia safari ya Newala lazima kwanza nizungukie Ndanda.

Kazi yangu ilikuwa upimaji. Kabla ya katapila, kabla ya kokoto, kabla ya mheshimiwa kuja kukata utepe, kuna mtu amepita pale na vigingi na nyundo akisema barabara itapita hapa, juu kiasi hiki. Huyo ndiye mimi. Nilianza kuvaa buti za kazi sina ndevu, nikazivua ndevu zikiwa nyeupe. Kazi ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kipande cha barabara ya lami huko juu Newala, nami nilikuwa mkuu wa wapimaji.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja wa Kimakua, Mzee Chilumba, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Usawa wa sakafu tuliupima kwa mpira wa maji. Ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mmeujaza maji, mmoja anashika ncha huku na mwingine kule, maji yakitulia mnaweka alama. Ukiacha hewa ndani, mpira unadanganya. Siku moja niliujaza haraka haraka, hewa sikuitoa, tukamwaga sakafu ya darasa ikalala upande. Mzee hakunitukana. Alichukua ndoo ya maji akaimwaga pale juu, maji yote yakakimbilia ukutani, akaniambia, "Haya, waeleze hao. Mimi usinieleze kitu." Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwezi mzima jina langu likawa Povu.

Jambo jingine alilonifundisha ni hili. Ukifika kijijini, kabla hujafungua begi la vifaa, mtafute mama anayefagia uani. Msalimie, kisha umwulize mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Anajua, maana matope yake anayafagia yeye. Ni jambo dogo, halichukui hata dakika tano. Nililifanya miaka yote isipokuwa siku moja.

Sasa tuje kwenye hiyo modeli ya kompyuta mnayosomea. Aliyenionyesha mara ya kwanza ni Injinia Upendo, alipokuja mradini akiwa na umri sawa na binti yangu Somoe. Kwao ni Ndanda, mama yake muuguzi, kalelewa akaleleka. Hata akiwa na haraka vipi alisimama, akainama kidogo, "Shikamoo Baba," akangoja uitike ndipo aende. Kazi yake ilikuwa hiyo modeli. Mimi nikadhani ni katuni za kuwafurahisha wakubwa. Siku ya kwanza nikamtania, "Mwanangu, hiyo katuni yako inaweza kubeba zege?"

"Haibebi, Baba," akasema, "lakini inajua litakapokwama."

Nikaguna. Haikupita muda akaniita ofisini, ile kontena yetu yenye feni moja. Kwenye skrini alikuwa ameweka kalavati, yaani tundu la zege la kupitishia maji chini ya barabara, na bomba la maji ya kijiji likawa linapita katikati yake. Nikamwambia bomba lile nalijua, liko mbali kule. Akasema, "Twende tukachimbe basi, Baba." Tukachimba taratibu kwa majembe. Bomba lilikuwa palepale aliposema, na katapila lilikuwa limepangiwa kuanza kesho yake. Nyie ni watoto wa huku, mnajua kupasua bomba la maji kule juu uwandani ni kutafuta kugombana na kijiji kizima. Nikakuna kichwa. Tangu hapo sikuiita tena katuni.

Kwa ambaye hajaiona, modeli ni barabara nzima imejengwa ndani ya kompyuta kabla ya kujengwa chini. Kila kitu kimo na habari zake. Ukibonyeza kalavati inakuambia ukubwa wake, zege la aina gani, limemwagwa lini, na ardhi iliyo chini yake ilipimwa na nani. Ukisogeza kalavati moja, mitaro yote inayohusika inajirekebisha. Ukitaka kujua mvua itakwenda wapi, inakuonyesha. Zamani ramani ya maji ilikuwa kwa mzee mmoja, ya mabomba kwa mwingine, ya barabara imeliwa na mchwa ofisini. Kitu hiki ni kizuri, na yeyote anayewaambia ni upuuzi mwambieni Baba Somoe amekataa.

Ila modeli inajua kile ulichoipa tu. Nayo ardhi tulikuwa tunaipa kwa droni, kile kidege kinachopita juu kikipiga picha. Sasa mnaujua mkorosho. Matawi yake yanashuka mpaka chini, na mikorosho ikizeeka pamoja vichwa vinagusana, huoni udongo. Droni inaona majani, basi. Kompyuta inajitahidi kuiondoa miti ibaki ardhi, lakini penye mikorosho iliyofungana inachukua vile vichwa inasema hii ndiyo ardhi. Ubaya ni kwamba mikorosho ya bondeni hurefuka kuliko ya juu, udongo wa kule una rutuba na unyevu. Kwa hiyo vichwa vinalingana, na mahali penye bonde panaonekana tambarare.

Upendo aliliona hilo mapema. Akaweka sheria, kila shamba la mikorosho pembeni ya barabara liingiwe kwa miguu. Fimbo ya kipimo mkononi, kila hatua kumi kipimo kimoja, na kila kipimo kibebe jina la aliyekichukua. Tukafanya. Kuna shamba tulikuta ardhi iko chini ya ile ya droni kwa kimo cha mtu aliyebebwa mabegani. Tulicheka, tukasahihisha, tukaendelea.

Halafu ukaja msimu wa salfa. Mikorosho imechanua, mashine za kupulizia zinaunguruma tangu alfajiri, ule unga wa njano umetanda shamba zima. Mtu wa kutoka mbali angeingia tu kwa kutojua. Mtu wa huku haingii. Tumefundishwa tangu wadogo, shamba likipulizwa kaa mbali, salfa ikikuingia machoni utalia kutwa na usiku wake. Lilikuwa limebaki shamba moja, kwenye kijiji ambacho sitakitaja, na Upendo alikuwa anavisubiri vipimo apange kalavati la pale. Nikawaambia vijana wangu watangulie, hili nitalimaliza mwenyewe.

Sikushuka. Nilikaa ndani ya gari, vioo nimepandisha. Kishikwambi kilikuwa na ramani ya droni, na ilionyesha ardhi inashuka polepole, imenyooka kutoka barabarani mpaka korongoni. Nikajiambia, Baba Somoe, wewe umezaliwa kwenye mikorosho, shamba kama hili unalijua hata ukiwa umefumba macho. Nikachukua namba za droni. Hapa nikaongeza sentimita mbili, pale nikapunguza tatu, zionekane zimepimwa na binadamu. Saa nzima natunga. Nikaweka jina langu, nikawasha gari, nikaenda zangu kunywa chai.

Hakuna aliyevikagua. Vilikuwa vipimo vya Baba Somoe, nani avikague?

Kalavati likajengwa. Modeli ilisema maji yakitoka pale yatanyooka hadi korongoni, na korongo lipo kweli, limeyameza maji ya miaka yote. Tukasonga mbele na kazi.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana, tukiwa kambini. Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa kijiji akapiga simu, njooni muone mlichofanya. Nilikwenda mimi na dereva. Nyumba ilikuwa ya Mama Hadija, mkulima, mjane, umri wake unanikaribia. Alikuwa amesimama uani na jembe, kanga ameifunga kiunoni, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, Baba Somoe," alisema. Vijana wangu walishapita kwake, alilijua jina langu.

"Marahaba, Mama Hadija. Poleni."

"Tumeshapoa. Njoo uone."

Jiko lilikuwa limeanguka ukuta mmoja. Hilo lisingeniumiza sana, ukuta unarudishwa. Akanipeleka kwenye kisima. Nyie mnavijua visima vya mvua vya kule juu, maana maji ya ardhini yako mbali mno: shimo la uani limesakafiwa kwa saruji, limefunikwa, bati la nyumba ndilo linalolijaza. Mvua ya kwanza anaiacha ioshe bati, zinazofuata ndizo anazozipokea, na hayo ndiyo maji yake mpaka kiangazi kiishe. Alinyanyua mfuniko. Mlikuwa na tope jekundu, limejaa mpaka mdomoni.

"Nilikisugua mwenyewe wiki iliyopita," alisema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mwaka huu nitakunywa nini, Baba Somoe? Na hayo maji yenu yatakuja tena kesho, na keshokutwa nyumba. Mbona hamkuniuliza? Pale kwenye mikorosho kuna bonde. Toka naolewa hapa maji yanapita mle yanakuja huku, ila yalikuwa kidogo, nilikuwa nayazuia kwa tuta. Sasa mmeyaleta yote kwa pamoja."

Nikatazama kule shambani. Nilikuwa nimeshajua. Nikamwambia nitafuatilia, maneno ya ofisini hayo, nikarudi garini.

Mchana ule Meneja wa mradi aliitisha kikao kwenye kontena. Wasimamizi wote walikuwepo, na vijana wangu wa upimaji. Meneja alikuwa mtu wa zamani kama mimi, modeli alilazimishwa tu. Akaipiga meza. "Kompyuta imetudanganya! Nilisema toka mwanzo." Wakacheka. Mmoja akasema, mngemwacha Baba Somoe apime kwa macho yake haya yasingetokea. Wakaitikia, kweli, kweli. Na mimi nikaufyata.

Upendo alikuwa amefungua kompyuta yake. Alibonyeza kitu, akasoma, akasoma tena. Kisha akainua macho akanitazama, muda mfupi tu. Akaifunga.

"Modeli ni yangu," alisema. "Kosa ni langu."

Meneja akatoa hukumu palepale. Ijumaa aandike maelezo, akabidhi kazi, arudishwe makao makuu wamtafutie la kufanya. Na makalavati yaliyobaki yajengwe kienyeji, kwa macho na uzoefu. Aliposema uzoefu alininyooshea mkono mimi. Niwaambie ukweli, wanangu, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na bado sikusema kitu. Nilijitetea moyoni kwamba yeye ni kijana, atapata kazi nyingine, mimi nimebakiza miezi tu. Ndivyo nilivyofikiri. Siwaambii ili mnisamehe, nawaambia mjue mtu mzima naye anafikiri hivyo.

Kesho yake asubuhi nilichukua fimbo ya kipimo nikaenda peke yangu. Shamba limelowa, matawi yananimwagia maji shingoni, nainama, natambaa, nasimama. Hatua ya sitini ardhi ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka tena. Lilikuwa bonde halisi, limepinda taratibu kuelekea nyumbani kwa Mama Hadija, na katikati yake niliposimama sikuiona hata barabara. Nikapima kila hatua kumi mpaka mwisho. Kazi yote haikunichukua muda mrefu kuliko ule niliokaa kwenye gari kutunga namba.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kontena, na matope yangu. Upendo alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi.

"Shikamoo Baba."

Safari hii sikuitika. Nilimwambia, "Mwanangu, lile shamba sikulipima. Nilikaa ndani ya gari nikabuni."

Akaendelea kupanga makaratasi. "Najua, Baba."

"Unajua toka lini?"

"Toka kwenye kikao. Mashamba mengine yote wewe na droni mnapishana, mara nusu mita, mara mita mbili. Hili moja tu mmekubaliana, na kila kipimo tofauti ni sentimita mbili tatu. Vipimo vya kweli havinyooki hivyo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Akayaweka chini makaratasi. "Mbele ya vijana wako? Nisimame mimi niseme Baba Somoe amedanganya? Na mimi nina kosa langu. Vilipoingia vile vipimo nilipaswa kuvikagua. Nikaona ni vya kwako, nikavipitisha."

Nilikasirika, tena vibaya. Nikamwambia, "Kwa hiyo utaondoka kazini kwa ajili ya kuniamkia?" Akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikajikuta nimekaa kwenye boksi lake la makaratasi, likabonyea. Haki ya Mungu sijawahi kujiona mdogo vile. Binti wa watu alikuwa tayari kufunga virago kwa sababu mama yake alimfundisha adabu, na mimi mwenye kuamkiwa nikawa nangoja tu Ijumaa ifike.

Tulikwenda wote kwa Meneja. Nilisema mimi, yeye nilimkataza kufungua mdomo. Meneja akaniuliza kama ninaelewa ninachosema. Nikamwambia ninaelewa, na kwamba katika hili kompyuta haikudanganya mtu, mtu ndiye aliyeidanganya kompyuta. Upendo akabaki. Modeli ikabaki. Mimi nikavuliwa ukuu, na miezi yangu ya mwisho nilikuwa mshika fimbo, kazi anayopewa mgeni siku ya kwanza. Vijana niliowafundisha wakawa wananiambia, "Baba, sogea kushoto kidogo. Kidogo tena. Baba, simama wima." Nikasimama wima.

Vipimo vipya viliingizwa kwenye modeli, na palepale ikaonyesha maji yanakata kona kwenda kwa Mama Hadija, kama mwenyewe alivyosema. Tukalichimbia kalavati mtaro wa mawe na saruji mpaka korongoni kabla mvua nyingine kubwa haijaja. Ukuta wa jiko ukainuliwa. Kisima tulikitoa tope kwa ndoo, tukakisugua, boza la mradi likakijaza.

Kisha Upendo akaniita. Kwenye modeli, ukibadilisha kitu, inakudai sababu. Yeye alikuwa ameandika "hitilafu ya vipimo". Nikamwambia futa. Hitilafu haina jina wala haina mikono. Nikavuta kiti nikaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, ikanichukua muda mpaka akaenda kuchemsha chai akarudi. Niliandika: Sikupima shamba hili. Nilikaa ndani ya gari kwa sababu ya salfa, nikabuni namba. Nikaweka majina yangu yote matatu.

"Baba, hii itabaki," alisema. "Barabara ikikabidhiwa inakabidhiwa na haya. Hata baada ya miaka, atakayekuja kukarabati kalavati atayasoma."

Nikamwambia ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa. Kwa hiyo nyie mkipata kazi huko mkakutana nayo, msishangae, ni mimi. Na mkiona vipimo vya mtu vinakubaliana na droni katikati ya mikorosho, hata awe nani, mwamkieni kwanza, kisha mwulizeni.

Ikabaki kumwambia Mama Hadija. Wengine walinishauri niache, kisima kimeshajazwa, yaishe. Nilikwenda peke yangu, asubuhi, nikamkuta anafagia. Nikamweleza yote, kwamba siku ya salfa nilikuja mpaka mlangoni pa shamba lake, nikakaa kwenye gari, nikaondoka bila kushuka.

Akaegemea fagio. 

"Kumbe lile gari lilikuwa lako?" akasema. "Nililiona. Nikasema huyu mgeni amekaa juani saa nzima, vioo amefunga, atakuwa na kiu. Nikachota maji nikaja nayo. Ile nafika barabarani, ukawa umeondoka."

Kule juu, mwezi wa saba, mtu kukupa kikombe cha maji si jambo dogo. Nikauliza swali la kijinga. Nikamwuliza yale maji aliyafanya nini.

"Niliyarudisha kisimani," akasema.